Aliyemlilia Rukia

Mtaani kwetu mfiwa haachiwi huzuni yake. Watu wa kujitolea wa Shirika la Nafuu huja na mashine yao, huitoa huzuni hiyo kifuani mwake na kumtia jirani, ili mfiwa aweze kuendelea na maisha. Safari hii zamu ilimwangukia mume wangu. Akapewa huzuni ya Bi Mashavu, muuza vitumbua, aliyemzika binti yake Saumu. Tangu hapo analia akioga, analia akila.

"Baba Rukia, jikaze," nilimwambia.

"Rukia wetu mwenyewe sikumlilia hivi," akasema. "Nani alimlilia?"

Sikujua. Tulimzika mtoto asubuhi, jioni tukala tukashiba. Nikatoka kwenda kumuuliza Bi Mashavu, maana yeye habari za mtaa mzima anazo.

Nilimkuta barazani kwake anageuza vitumbua huku anaimba.

"Alikuwa Saumu wangu," alisema bila kuacha kugeuza. "Huzuni ya Rukia walimpa yeye. Akaacha kula, mpaka akafa. Nikufungie vingapi, shoga?"

"Vinne," nikamjibu.

Nikavila vyote njiani, vya moto. Vilikuwa vitamu.