Kilo Sitini na Nane

Fundi Mwanahawa alikwisha kung'oa viti vya abiria, mazulia na rafu za mizigo, ili ndege ile kuukuu ya injini mbili iwe nyepesi, iweze kubingirika angani siku ya maonyesho. Kando ya kiti cha rubani kilibaki kiti cha kulia, alichokalia marehemu mumewe miaka yote.

"Nikirusha peke yangu inalalia kushoto, shemeji," alisema rubani Sekiondo bila kumtazama. "Nifungie mfuko wa mchanga pale, uzito wa mtu."

"Sitini na nane," Mwanahawa akajibu papo hapo.

Akaujaza, akaupima, akaukalisha. Mkanda akauacha umelegea kidogo, kama marehemu alivyopenda. Kisha akakumbuka kwamba ndege itapinduka, akaukaza.

Siku ya maonyesho ndege ikapinduka, tumbo juu. Watu wakapiga makofi. Mwanahawa peke yake alikuwa amekinga mikono, tayari kudaka.