Bomba la Nyumba Mbili

Nibaldo alikuwa amepiga magoti mtaroni, msumeno umeshagusa shaba, bomba lilipomtetemekea mkononi. Ko, ko, ko. Akauondoa msumeno. Maji alikuwa ameyafunga kwenye mita tangu asubuhi, na bomba kavu halitetemeki lenyewe.

Kabla hajawaza zaidi, likatetemeka tena. Safari hii mtikisiko ulishuka kutoka upande wa juu wa kilima. Ko, ko, ko.

"Fundi!" Mama Otilia alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea ukuta. "Unachimba bomba au kaburi? Kama ni kaburi, mimi bado nipo."

"Bomba, mama. Ila kuna mtu analigonga."

"Ni mimi. Usikate kwanza. Njoo unywe chai."

Jikoni palikuwa na mkate na parachichi la kupondwa. Bomba lilitokeza ukutani karibu na meza, limeota kutu ya kijani kwenye viungo. Baba yake Otilia ndiye aliyelichimbia, zamani, alipowajengea binti zake wawili nyumba kwenye mteremko ule wa Valparaíso, moja chini, moja juu. Mita moja, bomba moja: liliingia kwa Otilia, kisha likapanda hadi jikoni kwa Herminia. Sasa lilivuja kila mahali. Kampuni ya maji ilikuwa ikibadilisha mabomba ya kilima kizima, kila nyumba ipate mita yake na bomba lake la plastiki. Shaba yote ilitakiwa kung'olewa, maana wezi huifukua na kuziacha kuta zimebomoka.

"Hiyo plastiki yenu inapeleka sauti?" Otilia aliuliza.

"Hapana, mama. Inapeleka maji tu."

Otilia alikata mkate, akamsogezea.

"Kule juu ni kwa dada yangu. Hatujasemezana tangu tumzike mama, mwaka wa tisa huu. Mimi nilisema yeye ndiye aliyemwacha mama peke yake usiku ule aliofariki. Yeye akasema ni mimi. Miguu yangu haipandi tena ngazi zile. Basi, saa ya chai ya jioni nagonga mara tatu, ajue nipo."

"Na juu wanajibu."

"Umesikia mwenyewe."

"Si mngepigiana simu tu, mama?"

"Simu inataka maneno, fundi."

Nibaldo alimaliza chai yake. Kisha akapanda ngazi kwenda kufunga koki ya nyumba ya juu. Mlango ulifunguliwa na mzee Erasmo, mume wa Herminia, shati lake limepishana vifungo, spana mkononi.

"Shikamoo, mzee. Mama mwenye nyumba yupo?"

"Ingia ufunge mlango. Na usipaze sauti, bomba hili lina masikio."

Jikoni palikuwa na kikombe kimoja mezani. Erasmo alikaa, akamwonyesha Nibaldo kiti kilichokuwa karibu na bomba, kisha akabadili mawazo, akamvutia kingine.

"Kile ni chake. Kila saa ya chai alikaa pale, mimi akinitoa nje. Hata redio alikataza." Aliigeuzageuza spana. "Alifariki Juni, hospitalini. Tulimzika kwa wanetu, mjini Quillota. Nikasema nikirudi nitashuka nimwambie shemeji. Nikarudi. Nikaketi hapa nikijipanga maneno, mara nikasikia ko, ko, ko. Ningefanya nini? Nikachukua spana nikajibu."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Akijua, ataanguka palepale jikoni. Hana mwingine. Fundi, liache hilo bomba."

"Mzee, nimetumwa kulitoa. Nitamwambia nini msimamizi?"

"Mwambie umekuta mwamba."

"Mwamba gani? Kilima chote hiki ni udongo."

"Basi mwambie umekutana na mimi. Kichwa changu ni kigumu vya kutosha."

Walicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia mzee, akafuta macho kwa mkono wa shati. Nibaldo alikitazama kile kiti kitupu. Hakuona kama ni kazi yake kusema nani alikosea. Angeweza kulikata bomba, au angeweza kuliacha likiwa kavu kando ya lile jipya na kupambana na msimamizi. Hakujua lipi lilikuwa jema.

"Leo silikati," alisema mwishowe. "Kesho tutaona."

"Na shemeji utamwambia nini?"

"Mimi sijaona kitu, mzee."

Alishuka. Akaulaza msumeno kwenye mfuko wa vifaa, akaufunika mtaro kwa mbao mtu asije akatumbukia, akafungua maji kwenye mita. Shaba ya zamani ilikoroma, ikaanza tena kuvuja. Otilia alikuwa palepale mlangoni.

"Mbona hukukata?"

"Kumeingia giza, mama. Nitaendelea kesho."

"Umefika juu?"

"Nimefika."

"Dada yangu hajambo?"

Nibaldo aliinama kufunga mfuko uliokwisha fungwa. "Hajambo. Anakusalimu."

Otilia alimtazama bila hasira.

"Una mikono mizuri, fundi, lakini uongo hujauzoea. Kesho ukija, mwachie shemeji yangu bomba hili agonge. Nyumba ile ni kubwa kwa mtu mmoja." Alishika mlango, kama anayetaka kuufunga. "Miaka minane niligonga kila jioni, na Herminia hakunijibu hata mara moja. Jioni ile ya Juni nilipojibiwa, ndipo nilipojua kwamba dada yangu amekufa."