Mama Chumvi

Kwetu Magomeni, ukimsema jirani kwa jina, ukuta wa nyumba yake unamsomea maneno yako yote. Ndiyo maana tunabandikana majina ya utani, maana ukuta unajua ya vitambulisho tu.

"Mama Chumvi leo hajaja kuomba?" Zaituni aliwauliza shoga zake, sebule imejaa, wanasukana.

"Yule? Chumvi kwako, sukari kwangu! Jiko lake pambo!" Shani akadakia. Wakacheka mpaka wakashikana.

Hodi ikapigwa. Akaingia Siwema, jirani wa mlango wa pili, na bakuli la chumvi limejaa pomoni.

"Kumbe Mama Chumvi ndiye mimi, shoga," alisema taratibu. "Ukuta wangu umeanza kujua na majina ya utani. Umenisomea sasa hivi."

Zaituni alilipokea bakuli kwa mikono miwili, macho chini. "Karibu ukae, dada."

"Nimekaa mdomoni mwako vya kutosha." Akatoka.

Usiku mumewe Zaituni alionja mchuzi, akakunja uso. "Mbona chapwa? Kimeisha nini?"

Bakuli la Siwema lilikuwa bado limejaa, halijaguswa. Zaituni aliutazama ukuta wa upande wa Siwema, akashindwa kulitamka neno "chumvi".