Mnyama wa Kwanza wa Naudla

Naudla alifyatua risasi, na kulungu dume akapiga magoti juu ya theluji.

"Lahaula!" Mumewe alimkumbatia, bunduki na yote. "Kumbe miaka yote hii nimelala na dubu!"

Tangu kulungu waadimike, kijiji kiliruhusiwa madume wachache tu, na wa kuwawinda walipatikana kwa kura. Mzee huyu ndiye aliyeshikilia mkewe naye aandikishe jina, ili nyumba yao iwe na bahati mbili. Jina lake halikutoka. La Naudla, aliyekuwa hajawahi kuua hata sungura, likatoka, na kibali hakiazimwi.

Mzee alichomoa kisu, akapiga goti, akaukata ulimi wa kulungu. Ulimjaa kiganjani, mzito, bado wa moto, ukifuka mvuke. Mate yakamtoka. Alikuwa na misimu mitatu hajauonja.

"Huo ni wa bibi jirani," Naudla akasema.

"Haya. Na mapaja?"

"Mume wangu, huyu ni mnyama wangu wa kwanza."

Kisu kikasimama hewani. Kwa desturi yao, mnyama wa kwanza wa mwindaji hugawiwa watu wote. Nyumba ya aliyemuua hailambi hata mfupa.

"Ulilijua hili tangu mwanzo!"

"Si wewe uliyesema niandikishe jina?"

Alikuwa akicheka, pua imemwiva kwa baridi. Mzee alimtazama, akautazama ulimi, kisha akaufunga taratibu kwenye kitambaa safi. Akachukua redio ya mkononi, akaita kijiji kizima.

"Njooni na mabakuli," akasema. "Mke wangu ameua."