Hesabu za Bi Darubini

"Mia nne na kumi na mbili," alisema bila kushusha darubini. Nyuma yake mumewe, fundi saa mstaafu, akaandika.

Tai walikuwa wakipita juu ya mgongo wa mlima, wakiikimbia baridi. Kila mwaka majani yakianza kupukutika, Bi Darubini, kama watu walivyomwita, alishinda huku miezi miwili. Yeye macho, mumewe kalamu. Kila Ijumaa mzee alipeleka karatasi mjini, ofisi ya wanyamapori.

"Magoti yananiuma, mama watoto," alisema mzee. "Mwaka huu uwe wa mwisho."

"Mia nne na kumi na tano."

Mchana ule alipanda mhandisi, akaanza kupigilia vigingi. Mitambo thelathini ya umeme wa upepo ingesimama pale pale. Kibali kilikuwa kimeshatoka.

"Mapanga ya mitambo hiyo yatawakatakata tai," alisema Bi Darubini.

"Tai gani, mama? Hesabu za miaka mitano zinaonyesha hapa hapapiti kitu."

Juu ya kofia yake walikuwa wanapita saba.

Alimgeukia mumewe apate shahidi. Mzee alikuwa anafunga mkoba wa karatasi.

Bi Darubini aliteremka mbiombio, mzee akabaki nyuma. Alijua wa kumkaba koo: karani wa takwimu, yule asiyemtazama mtu usoni. Aliingia ofisini bila hodi.

"Umekula na nani?" aliuliza. "Miaka mitano tunakuletea maelfu, wewe unafuta."

Karani hakubishana. Alifungua kabati, akamwekea faili mezani.

"Soma mwenyewe, mama. Hatujagusa hata nukta."

Karatasi ya juu ilikuwa ya Ijumaa iliyopita. Tai wanne. Chini yake, sita. Ya mwaka juzi, wawili. Hakuna palipofutwa wala kukwanguliwa. Mwandiko aliujua vizuri. Ndio ulioandika barua zote za uchumba wao.

Alipapasa nyuma yake kutafuta kiti, akakikosa.

Mlango ulifunguka. Mzee aliingia akihema, akaliona faili, akavua kofia.

"Nilitaka mlima ufungwe, nawe ubaki nyumbani," alisema. "Miaka kumi na minane naishi na kisogo chako."