Mifuko ya Mgongoni

Mama mkwe wa Zipora alipojifunga tu aproni yake mpya, wafinyanzi wote wa Gonja wakaangua kicheko.

"Zipora mwanangu, mifuko nyuma? Kwani umemshonea kobe?" jirani akauliza.

Zipora akainamisha uso. Wiki nzima alishona: amerikani, utepe mwekundu pindoni, na mifuko miwili aliyoifumua kwenye shati la kaki alilorudi nalo mumewe kutoka vita vya Hitla. Mama mkwe akiivua leo, nani atamletea tena kitambaa cha kushona?

Mama mkwe akakiendea chungu chake. Akainama, kama wafinyanzi wa huku wanavyoinama, akaanza kukizunguka chungu kinyumenyume. Mfuko wa kifuani ungemwaga kila kitu. Mkono wenye udongo ukaenda mgongoni, ukatoka na kipande cha kibuyu cha kulainishia.

"Kitendawili," akasema, bado ameinama.

"Tega."

"Mwanangu nambeba mgongoni, na kazi ananisaidia."

Macho yote yakaenda mgongoni kwake.

"Basi nipeni mji."

"Mji wa nini, mama, na jibu tunaliona likitikisika?" Jirani akajipangusa udongo, akamgeuzia Zipora mgongo. "Haya, mwanangu. Nipime."