Mlo wa Waziri

Siku hizi waziri akipandisha bei, sheria humtaka akale katika nyumba itakayoumia zaidi, na mashine ndiyo huichagua. Mbonea, waziri wa fedha, aliondoa ruzuku ya gesi ya kupikia ili hospitali zipate dawa. Bunge zima lilimpigia makofi. Mashine ikamtuma kwa Nakijwa, dada yake aliyemlea.

Alimkuta akipuliza kuni mbichi, macho mekundu kwa moshi.

"Karibu, mdogo wangu. Tumekusikia redioni. Umesema vizuri."

"Dada, mbona hukuniambia hali yako?"

"Ungebadilisha?"

Mbonea akainamia kwa haya sahani aliyowekewa. Alijua asingebadilisha.

Nakijwa akamwongezea mboga. Wajukuu wake wakasema wao wameshiba, ingawa hakuna aliyewapakulia.